Nioneshe Kwanza Unachokitupa

Kabla sijaeleza chochote, nayatenga mambo mawili. Niliyoyaona ni haya: njia ya miguu ya Jambiani inayotoka kijijini hadi ufukweni, ambayo nimeipita mwenyewe, uzio wa seng'enge uliowekwa kuikatiza, na kurasa za maandishi yangu zilivyoharibika, kisha zikatengenezwa mbele yangu. Niliyoyasikia ni kwamba mwenye uzio alikuwa na hati, kwamba hakuwa nayo, kwamba alikuwa na jamaa mkubwa, na kwamba jamaa huyo alikwisha kumkana. Haya ya pili niliyapata barazani na sokoni, kila mara kwa mtu aliyeyapata kwa mwengine, na sitayarejea.

Katika miaka ya tisini, baada ya kustaafu ukaguzi wa skuli, nilikuwa nikienda Jambiani kukusanya kauli za wazee juu ya maisha ya pwani ile: nani alichimba kisima kipi, kilimo cha mwani kilianzaje, watu walipitia wapi kufika majini. Sikutumwa na mtu. Nilichoshwa tu na wenzangu wa mjini waliokuwa wakiandika historia ya shamba bila ya kufika hata Ng'ambo, hapo hapo mjini.

Niliweka kanuni moja na kuieleza katika ukurasa wa kwanza. Kila kauli ilimalizika kwa alama ndani ya mabano ya mraba: nambari ya shahidi, kisha herufi. Herufi m ilimaanisha macho, yaani shahidi aliliona jambo lenyewe. Herufi s ilimaanisha sikio. Kwa hiyo [4m] ni shahidi wa nne, ameona. [4s] ni huyo huyo, amesimuliwa. Sentensi isiyokuwa na alama ilikuwa maelezo yangu mimi mwandishi, na haikuhesabika kuwa ushahidi wa mtu yeyote.

Wakulima wa mwani walinicheka sana kwa kanuni hiyo. Shahidi wa nne mwenyewe, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mbali majini naye akageuka. Siku ya kwanza aliniuliza:

"Mwalimu, na kuzaliwa kwangu, utaniandika macho au sikio?"

"Sikio," nikamjibu. "Hukujiona."

"Haya tena! Mama angu nshamfanya mtu wa kuhadithia!"

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikaandika s.

Kauli hizo nilizipiga chapa katika ofisi moja ya mjini iliyokuwa na kompyuta kuukuu, kubwa kama kabati, iliyounganishwa na vioo kadhaa vya maandishi ya kijani. Mkuu wa ofisi aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, akaniruhusu kutumia kioo kimoja wakati wa alasiri. Mashahidi waliokuja mjini kwa shughuli zao walipita pale, nami nikiwasomea kauli zao kutoka kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa, wazikubali au wazikatae. Wakati wa kusoma niliiamuru mashine inakili kila kilichopita kiooni, ili asitokee mtu kesho akadai kwamba alisomewa jingine. Nakala hizo za usomaji nikazitia katika diski mbili, nikaziweka kabatini kwangu.

Mashine ile ikaja ikafa, na mafaili ya asili yakafa nayo. Nilibaki na diski zangu mbili, na kwa miaka kadhaa sikuwa na haja ya kuzifungua.

Haja ilikuja na uzio. Mwenye kiwanja cha hoteli aliikatiza njia kwa seng'enge, na wanawake wakalazimika kuzunguka juu ya mawe makali wakiwa na mwani mbichi kichwani, unaowachuruzika maji usoni. Jambo likafika mbele ya baraza la usuluhishi. Nilikuwapo. Mwenyekiti, mtu mkavu wa maneno machache, alisema:

"Atakayedai njia hii ni ya zamani, adai kwamba ameiona. Ya kuambiwa hatuyasikilizi hapa. Leteni maandishi Jumatatu."

Nilimpenda mtu yule papo hapo. Msemaji wa wanawake akanigeukia mbele ya wote.

"Mwalimu, yale macho yako uliyokuwa ukituandika yapo wapi? Leo ndiyo siku yake."

Jumamosi asubuhi nilikwenda mtaa wa Kiponda kwa binti wa marehemu kaka yangu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwandishi wa programu katika ofisi moja ya mjini, hodari na mwenye haraka, na alikuwa na kompyuta yake nyumbani. 

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nifungulie hizi."

"Hata maji hunywi?"

"Nitakunywa zikifunguka."

Diski ya kwanza ilifunguka. Maneno yangu yalikuwamo, lakini yalikuwa kama yamepata maradhi ya ngozi:

[1mSHAHIDI WA NNE[0m
Njia ile nikipita na mama tukienda kuokota kombe. [4m]
Nimeambiwa babu ndiye aliyeifyeka mwanzo. [4s]
[7m-- endelea --[m[K

Yalikuwa hivyo ukurasa mzima, na ukurasa wa pili, na kila ukurasa aliouteremsha.

"Nini hivi?" nikauliza.

"Takataka za kioo, Ami. Si maneno, ni amri. Mashine yako ilikuwa ikikiambia kioo: hapa ng'arisha, hapa acha kung'arisha, hapa futa mpaka mwisho wa mstari. Kioo kikizipokea huzitii tu, huzioni. Sasa kioo hakipo, amri zimebaki hazina wa kuzitii."

"Zitoe."

"Kwa mkono hatumalizi leo wala kesho. Nitaziandikia ruwaza."

Akanieleza ruwaza ni nini. Badala ya kuitajia mashine kila kitu cha kufuta, unaitajia umbo: bano la mraba, kisha tarakimu zozote, kisha herufi fulani. Mashine hupita faili zima ikifuta kila kilichovaa umbo hilo. Nilielewa. Ni kama kumwambia bawabu asimruhusu yeyote mwenye kofia ya bulibuli, na bulibuli mjini kwetu ni nyingi. Hilo sikulisema, kwa kuwa kabla sijafungua mdomo umeme ulikatika.

Alikuwa ameshachapisha kurasa chache. Akazichukua akakaa nazo dirishani. Mimi sikuweza kukaa. Nilishuka ngazi, nikafika mpaka dukani kuuliza kama umeme umekatika mtaa mzima, nikapanda. Nikashuka tena, nikauliza kwa mwengine. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri nikaenda kusali. Alipoiandika ruwaza sikuwapo. Nilichokiona niliporudi ni karatasi yenyewe, na pembeni kwa penseli:

\[[0-9;]*[mK]\]?

Umeme ulikuwa umerudi, na kichapishi kilikuwa kikitema kurasa nyeupe, nadhifu, zisizo na upele hata mmoja.

"Safi, Ami. Kazi imekwisha."

"Nani amesema safi?"

"Mie nnasema."

"Umezisoma?"

"Nimeziangalia."

"Kuangalia si kusoma."

"Ami, wewe hata jua likichomoza unalitafutia shahidi!"

Alasiri msemaji wa wanawake akafika kutoka Jambiani kuzichukua karatasi. Aliinua ukaya wake wa usoni, akajipangusa uso, akakaa mkekani na kuikunjua miguu yake kwa taratibu. Magoti yake yalikuwa yamefungwa vitambaa.

"Nisomee yangu kwanza," alisema. "Nijue ntakalosimama nalo."

Nikasoma: "Njia ile nikipita na mama tukienda kuokota kombe." Nikatafuta alama, sikuiona. Nikasoma iliyofuata: "Nimeambiwa babu ndiye aliyeifyeka mwanzo." Hapo alama ilikuwapo, [4s]. Nikageuza ukurasa. Shahidi wa tano: s. Wa pili: s, na s nyengine. Nikapekua karatasi zote mpaka ya mwisho, kisha nikazirudia kutoka mwisho mpaka mwanzo. Hapakuwa na m hata moja.

Nilikaa kitako kwa mara ya kwanza siku ile. Kwa kanuni yangu mwenyewe, iliyoandikwa katika ukurasa wa kwanza ambao mwenyekiti angeusoma kabla ya yote, sentensi isiyo na alama ni ya mwandishi. Basi kila walichokiona wanawake wale kwa macho yao kilikuwa kimegeuka maneno ya mkaguzi mstaafu akaaye mjini, na yaliyosalia kuwa yao ni ya kuambiwa tu. Lau mwenye uzio angemwajiri mtu aje kutuharibia, asingefanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Niliwaeleza wote wawili. Msemaji alinisikiliza, kisha akauliza:

"Kwa hiyo sie hatukuona kitu?"

"Kwa karatasi hizi, hamkuona."

"Lo! Na haya magoti yaliyochanika juu ya mawe, nayo nimeambiwa?"

Binti wa kaka yangu alikuwa ameshazinyakua karatasi. Aliweka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Bano, tarakimu, m," alisema polepole. "Nilipoona [4m] yenye bano la kufunga nikadhani ni amri zile zile, ila zimekuja na mkia. Nikaiambia mashine iufute na mkia. Ami, mbona hukunambia kama ni alama zako?"

"Zimeelezwa ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa kwanza nimeuangalia."

"Ndiyo hayo."

Akashika penseli. "Haidhuru. Wewe unawajua, nani kaona na nani kasikia. Kaa hapa unitajie, nizirudishe moja moja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kumbukumbu yangu ya miaka hiyo yote ni sikio, mwanangu. Fungua faili la asili."

Hapo ndipo aliponambia kwamba faili lililokuwamo kwenye kompyuta amelifunika kwa lile lililosafishwa. La asili lilikuwa ndani ya diski, na diski ilibidi isomwe upya.

Akaitia. Safari hii mashine ilikwaruza kama inayotafuna mchanga, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Msemaji akanambia nikae, kwamba ninamtia kizunguzungu. Nikakaa, nikasimama. Mwishoni maandishi yakatokea, pamoja na upele wake wote, na katikati ya upele nikaiona [4m] yangu ya kwanza.

"Sasa utazitenganisha vipi?" nikauliza. "Amri ya kupiga mstari chini ya neno, ulivyonieleza, ni [4m. Alama yangu ni [4m. Na zipo zote mbili humu."

Alisoma vitabu vyake viwili vya kazi, akavirusha kitandani. Akalifungua faili kwa programu nyengine, isiyoonesha herufi bali nambari ya kila herufi kama mashine inavyoijua. Akapitisha kidole juu ya safu, kidole kikasimama.

"Kumbe kuna herufi nyengine mbele ya kila amri, Ami. Ni ile ya kitufe cha Esc. Haina sura. Haichapishwi wala haionekani kiooni, ndiyo maana kwenye karatasi sikuipata. Amri zote zinaanza nayo. Alama zako hazinayo."

Sikuipenda habari ile. Kutaka niamini kwamba tofauti baina ya ushahidi na takataka ni kitu kisichoonekana, ni kutaka niache mwendo wangu wa umri mzima.

"Nioneshe," nikasema.

"Nshakwambia haionekani."

"Nambari yake inaonekana. Nioneshe nambari."

Akanionesha. Amri ilikuwa 27, 91, 52, 109. Alama yangu ilikuwa 91, 52, 109, na kilichoitangulia ni 32, ambayo ni nafasi tupu tu baina ya maneno. Nilimtaka anitafutie nyengine, na nyengine, mahali mbalimbali ndani ya faili, mpaka nikaridhika kwamba haikutukia kwa bahati.

Msemaji alikuwa ameinuka kutoka mkekani, anachungulia juu ya bega langu. "Basi huyo ishirini na saba ndiye fisadi."

"Ndiye tarishi," alisema binti wa kaka yangu. "Kila amri huja naye."

Akaandika ruwaza ya pili:

\x1b\[[0-9;]*[mK]

Mwanzo wake, alinieleza, ni ile ile ishirini na saba kwa hesabu nyengine ya mashine, na ule mkia wa bano la kufunga ameuondoa. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Usifute," nikamwambia. "Nioneshe kwanza unachokitupa."

"Vipi tena?"

"Kabla ya kuroweka kanzu mtu hupekua mifuko. Iamuru mashine itoe kila itakachokifuta, ikiweke mbali, bila ya kufuta kitu. Nikisome."

"Usome takataka?"

"Nisome takataka."

Alinung'unika, lakini aliandika mistari michache, na kichapishi kikatoa kurasa zilizojaa amri tupu: [1m, [4m, [0m, [7m, [m, [K, tena na tena, bila ya neno la mtu. Kwa kuwa Esc haichapishwi, nilimtaka kila amri aitangulizie nambari 27 inayosomeka. Nikachukua rula, nikasoma mstari mmoja mmoja. Nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu: bano la kufunga, au amri isiyokuwa na 27 yake.

"Bibi, umewahi kumwona mtu anasoma jaa?" binti wa kaka yangu alimwambia mgeni wetu.

"Mwache asome," alijibu msemaji. "Humo ndimo ilimokuwa njia yangu."

Sikukuta alama yangu hata moja. Nikamwambia afute. Akafuta, akachapisha, na safari hii tulisoma sote, mimi kwa sauti na yeye kwa kidole. "Njia ile nikipita na mama tukienda kuokota kombe. [4m]" Msemaji akapiga kofi moja.

Nilikunywa maji.

Diski ya pili ndiyo iliyotushinda. Ilisomeka mpaka katikati, ikakwaruza, na kilichofuata mashine ilikataa kukitoa, ijapokuwa tuliitia na kuitoa mpaka ikawa moto. Kilichopotea ni kauli ya shahidi wa saba, bibi mkongwe kuliko wote, ambaye wakati ule alikuwa ameshafariki. Yeye ndiye aliyewahi kuiona njia ile kabla ya wote waliobaki, katika utoto wake, akipita na watu waliobeba maiti kuipeleka makaburi ya pwani. Kauli yake ilikuwa nzito kuliko nyengine zote kwa pamoja.

"Basi iandike," alisema msemaji. "Ulimsikia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako."

"Nitaiandika."

Nikaikalia meza, nikaandika kwa mkono wangu kwamba marehemu shahidi wa saba alinambia kadha wa kadha. Mwishoni nikajipa nambari, ya mwisho katika orodha, na baada ya nambari nikatia s.

Aliniuliza ile ni herufi gani. Nilipomwambia, alisimama.

"S? Bibi yule aliona! Aliona kwa macho yake mawili, tena mazuri kuliko yako!"

"Yeye aliona. Mimi nimesikia. Aliyebaki wa kuulizwa ni mimi."

"Una moyo wa jiwe, Mwalimu. Herufi moja tu. Na sie ndio tunaokanyaga mawe, si wewe."

Niliyatazama magoti yale yaliyofungwa vitambaa. Binti wa kaka yangu aliniangalia, kisha akaangalia karatasi. Nilikuwa nikijua kwamba m ingekaa pale vizuri, wala hapana mtu barazani ambaye angeigundua. Niliiacha s. Msemaji alizifunga karatasi ndani ya kanga yake, akaondoka bila ya kuniaga, na usiku ule na uliofuata sikulala vyema.

Jumatatu mwenyekiti alizisoma karatasi zetu mbele yetu, kuanzia ukurasa wa kwanza, kimya, akinyanyua macho kila alipokutana na m kumtafuta mwenye nambari hiyo. Waliokuwapo walisimama mmoja mmoja. Alipofika mwisho, aliuliza:

"Na huyu wa mwisho ni nani?"

"Ni mimi."

"Umeandika umesikia."

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

Nikamtajia marehemu. Akaandika kitu pembeni kwa kalamu yake, na kitu hicho sikukiona. Akasema uamuzi utatolewa baadaye.

Juu ya uamuzi huo nilisikia mengi. Nilisikia tumeshinda, nikasikia tumeshindwa, nikasikia mwenye uzio amelipuuza baraza, nikasikia ameogopa. Mtu mmoja alinihakikishia kwamba ile s yangu ndiyo iliyomfanya mwenyekiti aziamini m zote. Mwengine alinihakikishia kwamba ndiyo iliyotuangusha. Wote wawili hawakuwapo. Niliposhindwa kuvumilia, nilikwenda Jambiani mwenyewe.

Uzio ulikuwa umesimama pale pale. Mahali njia inapopita palikuwa pamekatwa seng'enge na kutiwa mlango wa mbao, mpya, wenye upana wa mtu aliyebeba mzigo. Msemaji alitokea upande wa maji akiwa na mwani kichwani, akapita mlangoni bila ya kuinama, akaniona, akanambia "Umekuja kutazama?" akaenda zake. Nani aliyeuweka mlango ule, na kwa amri ya nani, nimeelezwa na watu watatu kwa namna tatu. Mimi nililiona kufuli: lilikuwa likining'inia kwenye pete yake, limefunguliwa. Ufunguo sikuuona.